Kimya cha Pangani

Mji wa Pangani uko kusini mwa Tanga, mwendo wa kilomita zipatazo 50, mahali ambapo mto wenye jina hilohilo humaliza safari yake ndefu ya kutoka Kilimanjaro na Meru na kuingia baharini. Mji wenyewe umekaa ukingo wa kaskazini. Ng'ambo ya pili ni Bweni, penye vilima na minazi. Watu wengi wanaoujua huujua kwa kuupita tu. Huteremka garini, hungojea kuvuka, hununua dafu, huvuka, nao wakiulizwa baadaye Pangani pakoje hujibu kwa neno moja: kimya. Jibu hilo si la uongo. Lakini kimya nacho kina asili yake, kama makelele yalivyo na asili yake, na asili hiyo haionekani kutoka dirishani mwa basi.

Nilikwenda huko wakati wa likizo ya shule, mwaka 2018, nikakaa siku nne. Sikuwa na ndugu wa kumtembelea wala kazi ya kutumwa. Nimefundisha historia kwa muda mrefu, na kila mwaka jina la Pangani hulitaja katika somo moja, somo la Abushiri, kisha tukaendelea mbele na Mkwawa na Majimaji. Nilitaka kuutembea mji huo kwa miguu, njia kwa njia, pasipo haraka.

Kutembea pasipo haraka Pangani si hiari ya mgeni. Adabu ya mahali humlazimisha. Kutoka nyumba niliyofikia hadi sokoni ni hatua zisizozidi mia nne, lakini asubuhi ya kwanza zilinichukua karibu saa nzima. Kila nyumba ina baraza, na kila baraza ina watu. Huwezi kupita mbele ya wazee waliokaa bila ya kuamkia, na huwezi kuamkia ukaondoka kabla ya kuulizwa utokako, na habari za huko utokako, na kama mvua imenyesha huko. Mzee mmoja aliyekuwa akisokota kamba ya usumba alipojua kwamba mimi ni mwalimu alinisogezea kiti, akasema, "Mwalimu, mji huu haukimbiliwi. Ukiukimbilia utaumaliza kabla hujauona." Nikakaa. Kahawa ikaletwa, na kashata, na nusu ya habari nitakazozieleza hapa nilizipata barazani pale kabla ya adhuhuri.

Jambo la kwanza alilonikosoa ni jina. Nilikuwa nimeuita mji wake mji wa kikoloni, kama vitabu vya watalii vifanyavyo. Mzee akahesabu kwa vidole. Wajerumani, wakiwa kampuni kwanza na serikali baadaye, walikuwa hapa kuanzia mwaka 1888 hadi vita vilipowaondoa mwaka 1916. Hiyo ni miaka 28. Waingereza walikaa hadi Uhuru mwaka 1961, miaka 45. Jumla ni miaka 73. "Mimi mwenyewe nimeishi zaidi ya hiyo," akasema, "wala hakuna anayeuita mji huu kwa jina langu." Wote barazani wakacheka, nami nikacheka nao. Hata hivyo hoja yake ni nzito. Kabla bendera ya Mjerumani haijaonekana hapa, Pangani ilikuwa mlango wa misafara iliyopanda bonde la mto kwenda Kilimanjaro na Umasaini kutafuta pembe za ndovu. Kando ya mto palikuwa na mashamba ya miwa, na sukari yake ilisafirishwa kwa majahazi. Richard Burton na John Speke walifika hapa mwaka 1857, nao waliukuta mji wenye watawala wake, wafanyabiashara wake na magomvi yake. Mkoloni hakuuanzisha mji huu. Aliukuta, akaupiga, akautumia, kisha akauacha kando. Haya mambo manne hayafanani, na mwanafunzi anayefundishwa kuyaita yote "kujenga" amefundishwa vibaya.

Siku ya pili niliitumia kutazama nyumba tu. Nyumba kubwa za zamani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo juu ya marundo ya kuni. Dari zake zimelazwa juu ya boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti ya mkoko haiwi ndefu sana, vyumba navyo vilikuwa vyembamba. Urefu wa mti ndio ulioamua upana wa sebule ya tajiri. Kuta ni nene kiasi kwamba ukitia mkono dirishani mpaka kwenye kiwiko bado hujafika nje. Ukuta wa namna hii una tabia ya kupumua: hunywa unyevu wakati wa masika na kuutoa wakati wa kiangazi. Ndiyo maana nyumba nyingi ziliweza kusimama kwa zaidi ya karne moja katika hewa ya chumvi.

Lakini nyumba hizi hufa, na kifo chao kina utaratibu wake. Kwanza mwenyewe huhamia Tanga au Dar es Salaam, au hufariki na kuwaachia warithi wasioelewana. Kisha bati moja hung'oka, wala hapana wa kulirudisha. Maji huingia juu ya ukuta, hulainisha chokaa, na mbegu ya mvule au ya mtini iliyoangushwa na ndege huota katika ufa na kuupanua kwa mizizi yake. Mwishowe boriti huoza pale zinapoingia ukutani, dari huanguka, na ukuta usiokuwa na dari huwa kama mtu asiyekuwa na uti wa mgongo. Nimeona pia nyumba zilizouawa kwa nia njema. Mtu hutaka kuitengeneza, akaipiga lipu ya saruji nje na ndani. Saruji haipitishi unyevu kama chokaa. Maji hufungiwa ndani, ukuta huoza kimyakimya, na baada ya miaka michache lipu yote huanguka kama ganda la yai, pamoja na mawe yake. Fundi mmoja aliyenionyesha haya alisema kwamba siku hizi vijana waijuao chokaa vizuri ni wachache, maana hapana anayewaajiri kuitumia. Tunasema mara nyingi kwamba majengo ya kale yanahitaji fedha. Yanahitaji kwanza mafundi, na ufundi usipofanyiwa kazi haurithiwi.

Jengo linalotajwa zaidi mjini ni boma. Wenyeji husimulia kwamba lilikuwa nyumba ya tajiri Mwarabu kabla ya Wajerumani kulifanya ofisi yao, na baada yao likaendelea kutumiwa na serikali zilizofuata. Milango yake ya nakshi ni ya kutazamwa kwa utulivu. Husimuliwa vilevile, na mgeni yeyote atasimuliwa, kwamba chini ya nguzo zake walizikwa watumwa wakiwa hai ili jengo lipate nguvu. Sina njia ya kuthibitisha habari hiyo, na hadithi za aina hiyo husimuliwa juu ya majumba mengine ya pwani. Hata hivyo siko tayari kuicheka. Watu wa kawaida hawakuwa na daftari la kuandika nani aliyebeba mawe, nani aliyechoma chokaa na nani aliyekufa katika kazi hiyo. Walichokuwa nacho ni simulizi. Nao wakasema kwa namna yao kwamba nguzo hizi zimesimama juu ya watu. Kwa maana hiyo hapana jumba kubwa katika pwani yetu ambalo simulizi hiyo hailihusu.

Nilipokuwa bado nalitazama boma, likaja kundi la wanafunzi wa sekondari pamoja na mwalimu wao kijana. Niliomba ruhusa ya kusikiliza, akanipa. Alikuwa akiwaeleza habari za mwaka 1888, nami naziandika hapa kwa ufupi kwa ajili ya msomaji aliyezisahau.

Mwezi wa Aprili mwaka huo Sultani Khalifa wa Zanzibar aliikodisha Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki haki ya kutoza ushuru na kuendesha utawala katika pwani. Agosti, mtumishi wa kampuni aitwaye Emil von Zelewski, ambaye baadaye Waafrika walimwita Nyundo, alikuja Pangani kushika madaraka na kuipandisha bendera ya kampuni. Liwali wa Sultani alikataa. Zelewski akaletewa askari kutoka manowari ya Kijerumani, na katika msako wao wakaingia msikitini na viatu vyao, pamoja na mbwa, nazo ni siku za sikukuu ya Idi ya kuchinja. Kama kampuni ilidhani ya kuwa imenunua mji kwa karatasi iliyotiwa sahihi Zanzibar, ilipata jibu lake mara. Watu walikusanyika kutoka mjini na mashambani, Waswahili, Waarabu, Wazigua na Wabondei. Septemba wakawazingira maofisa wa kampuni katika nyumba yao, hata Lloyd Mathews, mkuu wa majeshi ya Sultani, akalazimika kuja kuwaokoa. Vita vikaenea pwani nzima chini ya Abushiri bin Salim, na huko Saadani chini ya Bwana Heri. Serikali ya Ujerumani ikamtuma Hermann von Wissmann na jeshi la kukodi. Pangani ilitwaliwa Julai 1889. Abushiri alikamatwa katika nchi ya Uzigua, akaletwa hapa Pangani na kunyongwa tarehe 15 Desemba mwaka huohuo. Zelewski naye alinusurika pwani, lakini Agosti 1891 alikutana na Wahehe huko Lugalo, na hakurudi.

Mwalimu kijana aliyaeleza haya vizuri. Ndipo msichana mmoja aliyekuwa nyuma akainua mkono. "Mwalimu," akasema, "tumesoma kwamba Abushiri alikuwa na shamba la miwa. Nani waliokuwa wakilima shamba hilo?" Wenzake wakageuka. Mwalimu akanyamaza kidogo, kisha akajibu, "Watumwa." "Sasa tukiulizwa katika mtihani, tumwandike shujaa au tumwandike bwana wa watumwa?" Mwalimu akasema, "Andika yote mawili, kisha uonyeshe ni nani aliyepigana naye na kwa sababu gani." Wakaendelea na ziara yao.

Nimelifikiria jibu lile mara nyingi. Kuna watu ambao hupenda shujaa asiye na doa, na wakiona doa humtupa shujaa pamoja na vita vyake. Lakini waliosimama Pangani mwaka 1888 hawakuwa kundi moja lenye haja moja. Walikuwapo matajiri walioogopa kupoteza ushuru na biashara. Walikuwapo pia wakulima na wachukuzi waliokuwa na mashaka yao dhidi ya matajiri haohao, na watumwa waliotoroka wakataka nafasi yao katika mji. Wote waliungana kwa muda dhidi ya mtu aliyeingia msikitini na mbwa. Wajerumani nao walikwenda kwao wakitangaza kwamba wanapigana ili kukomesha biashara ya watumwa. Hata hivyo katika utawala wao wote hawakuufuta utumwa wenyewe kwa sheria. Ulifutwa mwaka 1922, wakati wa Waingereza. Sheikh Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mtu wa pwani hiihii aliyeishi wakati wa vita hivyo, alivitungia utenzi, Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Mwalimu anayefundisha habari hizi bila ya kuufungua utenzi huo anawanyima wanafunzi sauti ya mtu aliyekuwapo.

Sasa nirudi kwenye kimya. Mji ulioweza kukusanya watu wote hao, mji uliokuwa na majahazi, sukari na pembe za ndovu, uliwezaje kuwa mahali pa kununulia dafu? Niliupata mwanzo wa jibu siku ya tatu, nilipovuka kwa pantoni kwenda Bweni. Vyombo vidogo huingia na kutoka mtoni bila taabu, lakini mdomoni mwa mto pana fungu la mchanga ambalo meli kubwa haziwezi kulipita. Jahazi lilisubiri maji yakajaa, likaingia. Meli ya moshi haikutaka kusubiri. Tanga ina ghuba yenye kina, na huko ndiko serikali ya Kijerumani ilikoanzia kujenga reli mwaka 1893. Ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi kabla ya vita ya kwanza ya dunia. Tazama ramani, msomaji, uone ilivyofanyika. Kuanzia Korogwe reli hiyo inafuata bonde la Mto Pangani kwenda juu, njia ileile ya misafara ya zamani. Walichukua njia ya Pangani, wakaiacha Pangani yenyewe. Mji haukulala kwa uvivu wa watu wake wala kwa uzee. Uliondolewa riziki yake kwa kalamu na rula, katika ofisi.

Huko upande wa kusini wa mto iko Kikogwe, na habari ya Kikogwe inatia uchungu zaidi. Katika mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf alileta miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, nayo ikapandwa hapo. Kutokana na miche hiyo 62 ndipo ulipotoka mkonge uliofunika Tanga, Korogwe, Morogoro na kwingineko, hata mwaka 1964 nchi yetu ikazalisha tani zipatazo 230,000 za singa, zaidi ya nchi nyingine yoyote duniani. Kisha kamba za nailoni zikaja, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakarudi kuwa vichaka. Nilisimama Kikogwe nikatafuta alama yoyote ya kumweleza mpitaji kwamba zao lililolisha hazina ya taifa lilianzia hapa. Sikuiona. Vivyo hivyo mto wenyewe: maji yake huzalisha umeme huko Nyumba ya Mungu, Hale na Maporomoko ya Pangani, ambako mtambo mpya wa mwaka 1995 ulijengewa uwezo wa megawati 68. Pangani imetoa barabara, imetoa mkonge na imetoa taa. Kila mara faida imepandia mahali pengine.

Na imetoa jambo lingine ambalo walimu wa Kiswahili wangependa kulijua. Shaaban Robert aliajiriwa katika idara ya forodha mwaka 1926, naye Pangani ni mojawapo ya mahali alipofanya kazi hiyo. Jioni moja nilikaa karibu na ukingo wa mto, nikajaribu kumfikiria karani kijana akihesabu magunia ya nazi kwa mkono mmoja na mizani ya mishororo kwa mkono wa pili. Labda nilikuwa nikijifurahisha tu. Lakini mtu mwenye kazi ya forodha katika mji ambao vyombo vyake vimepungua hupata nafasi ya kufikiri, na sijui kama Kiswahili kingalimpata Shaaban katika bandari yenye makelele.

Nisije nikadhaniwa kuwa nausifu umaskini. Mgeni huja kutoka mjini amechoka, akaona barabara tupu na mawimbi, akaita hali hiyo raha. Nilipomwambia kijana wa bodaboda kwamba mji wao una utulivu mzuri, alinitazama bila ya kuudhika, akasema, "Utulivu haupikwi, mwalimu." Alikuwa amemaliza kidato cha nne, wenzake watatu wako Dar es Salaam. Baada ya safari yangu kazi ya kujenga daraja juu ya mto ilianza, pamoja na barabara ya lami ya pwani kutoka Tanga kwenda Bagamoyo. Naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini barabara inaweza kuleta watu na inaweza kuwachukua, kama reli ilivyofanya, na wakati wa kuamua ni nyumba gani zihifadhiwe, na mafundi gani wafunzwe, ni kabla ya lami kukauka.

Katika mtaa wenye maduka ya zamani, yenye ghorofa za mbao na vibaraza vilivyotoka nje, ipo nyumba ambayo mlango wake wa nakshi umeng'olewa pamoja na fremu yake, na mahali pake pamezibwa kwa mabati. Uliuzwa, nikaambiwa. Nyumba ya pili yake bado ina mlango. Bibi mmoja anaishi katika vyumba viwili vya chini, na vingine vyote vimeanguka. Mnunuzi alifika kwake pia, si mara moja, na kila mara bei ilipanda.

"Kwa nini hukuuza, bibi?" nikamwuliza.

"Nikiuza," akasema, "usiku nitafunga nini?"

Nikadhani ndio mwisho wa maneno yake. Lakini akainuka, akaingia ndani, akatoka na debe la chokaa na ufagio wa nyuzi za nazi. Kila mwaka kabla ya Ramadhani huupaka ukuta wa mbele mwenyewe, mpaka pale mkono wake unapofika. Nilitazama: weupe ulikwenda sawasawa kutoka upande hadi upande, ukakoma palipo juu kidogo ya kizingiti cha mlango. Kutoka hapo kwenda juu ukuta ulikuwa mweusi kwa kuvu. Nilimwomba kiti, nikavua viatu, nikapanda, naye akanipa ufagio akaanza kunielekeza.